Mwongozo Kamili: Kuchagua Balbu za LED Zitakazopunguza Kweli Matumizi ya Luku

Ujumbe unaonifikia mara nyingi kuliko mwingine wowote kuhusu umeme wa nyumbani ni huu: "Dada, nimebadilisha balbu zote nimeweka LED, mbona luku inaisha vilevile?" Unaofuata: "Balbu zimeungua hata miezi mitatu haijaisha." Na wa tatu, hasa kutoka kwa akina mama: "Zinawaka, lakini sebule imekuwa kama wodi, hatukai kwa raha."

Wote watatu wameanzia dukani, na ndipo walipokosea. Balbu huchaguliwa nyumbani, kwa daftari na saa ya ukutani. Dukani unakwenda mwishoni, ukiwa na karatasi mkononi inayosema unahitaji balbu ngapi, za aina gani, kwa ajili ya mahali gani. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, usiruke hata ile ya kwanza ambayo kila mtu huiona ya kupoteza muda.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari na kalamu, pamoja na kalamu ya wino usiofutika (maka peni).
- Tepu ya kupimia. Kama huna, vipimo vya vyumba kwa futi vinatosha.
- Simu yenye kamera.
- Risiti ya mwisho ya luku au tokeni.
- Stuli imara au ngazi. Usipande kiti cha plastiki.
- Kitambaa kikavu.
- Testa ya umeme, kama unajua kuitumia. Kama hujui, kazi zote za nyaya mwachie fundi.

## Hatua ya 1: Orodhesha taa zako na saa zinazowaka

Usiku wa leo, zunguka nyumba nzima na daftari. Kwa kila taa andika mambo matatu: iko wapi, ni balbu ya wati ngapi (imeandikwa kwenye balbu yenyewe), na inawaka saa ngapi kwa siku. Usikisie. Taa ya chooni ambayo watoto huisahau ikiwaka mpaka asubuhi, iandike kama inavyowaka kweli.

Kisha piga hesabu hii: wati mara saa, gawanya kwa 1,000, zidisha kwa 30. Jibu ni uniti za mwezi.

Tuchukue mfano unaojitokeza karibu kila nyumba. Sebuleni kuna globu ya zamani ya wati 60 inayowaka saa 5. Hiyo ni uniti 9 kwa mwezi. Nje, juu ya mlango, kuna globu kama hiyo hiyo ya wati 60, inawashwa saa 12 jioni na kuzimwa saa 12 asubuhi kwa ajili ya ulinzi. Hiyo ni uniti 21.6 kwa mwezi. Watu wengi hubadilisha ya sebuleni kwanza kwa sababu ndiyo wageni wanayoiona, na ya nje wanaiacha "kwa kuwa ni ya nje tu". Kumbe ya nje inakula zaidi ya mara mbili.

Kwa nini uniti hizo zina uzito? Kwa Tanzania Bara, mteja wa tarifa D1, ile ya matumizi madogo, hulipa Sh 100 kwa kila uniti katika uniti 75 za kwanza za mwezi, na Sh 350 kwa kila uniti inayozidi hapo. Taa moja ya nje ikichukua uniti 21 kati ya hizo 75, ujue inakusukuma kuelekea kwenye bei kubwa kabla hata hujachomeka friji. Mteja wa T1, tarifa ya matumizi ya kawaida, hulipa Sh 292 kwa uniti, na ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya umeme vijijini (REA) asilimia 3 na ya mdhibiti wa nishati (EWURA) asilimia 1 inafika kama Sh 356. Ulipo Zanzibar, Kenya au kwingineko, chukua risiti yako, gawanya fedha uliyolipa kwa uniti ulizopata. Hiyo ndiyo bei yako halisi.

Sasa weka namba kwenye orodha: inayokula uniti nyingi zaidi iwe ya 1. Utabadilisha kwa mpangilio huo, si kwa mpangilio wa vyumba.

Angalizo. Kama taa zako zote tayari ni "enaji seva" za mzunguko, zile za gesi, usikimbilie kuzitupa. Enaji seva ya wati 18 ikiwaka saa 5 inakula uniti 2.7 kwa mwezi, na LED ya wati 9 itakula 1.35. Tofauti ni kama Sh 480 kwa mwezi kwa mteja wa T1. Ni nzuri, lakini haina haraka. Subiri ife, ndipo uweke LED. Globu za waya, zile zinazochoma mkono ukizigusa, hizo usizisubiri.

Na niseme ukweli ambao wauzaji hawausemi: kama taa zako zote kwa pamoja zinakula uniti 8 kwa mwezi na luku yako inakwenda uniti 150, tatizo lako si balbu. Pasi ya wati 1,000 ikitumika saa nzima inameza uniti 1. Hita ya maji na jagi la kuchemshia ndio wakubwa wa nyumba. Orodha hii ya hatua ya 1 ndiyo itakayokuonyesha.

Umefanikiwa ukiona: una karatasi yenye taa zote, uniti zake, na namba za nani anaanza.

## Hatua ya 2: Tambua aina ya holda

Hii ni ya dakika tano. Zima swichi na meni swichi, acha balbu ipoe, itoe. Huku kwetu kuna aina mbili kuu. Yenye vijiti viwili ubavuni, unayosukuma ndani kisha kuzungusha kidogo, ni ya pini, na kwenye boksi imeandikwa B22. Ya kuzungusha kama kifuniko cha chupa ni E27. Taa ndogo za mapambo na za mezani mara nyingi ni E14, nyembamba zaidi.

Andika aina mbele ya kila taa kwenye orodha. Nyumba nyingi zina mchanganyiko, fundi mmoja aliweka hizi, mwingine akaweka zile, na ndiyo maana mtu ananunua balbu sita anakuta nne ndizo zinaingia.

Chungulia ndani ya holda, meni swichi ikiwa bado imezimwa. Ukiona plastiki imekuwa ya kahawia, imepasuka, au vile vichuma vya ndani vimeungua na kulegea, badilisha holda kwanza. Mguso mbovu huzalisha cheche na joto, na balbu mpya utakayoweka hapo haitakaa.

Kama nyumba yako inatumia sola ndogo ya volti 12, nunua balbu zilizoandikwa 12V DC na uzihifadhi mbali na zile za umeme wa kawaida. Ukiweka ya volti 12 kwenye umeme wa volti 230 itaungua.

## Hatua ya 3: Sahau wati, hesabu lumeni

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Wati ni kiasi cha umeme balbu inachokula. Mwanga unaotoka unapimwa kwa lumeni, na kwenye boksi utaona herufi lm. Zamani wati zilitosha kwa sababu globu zote zilikuwa za aina moja: yenye wati nyingi ilikuwa kali zaidi. Kwa LED, balbu mbili za wati 9 zinaweza kutofautiana sana, moja ikatoa lumeni 900 na nyingine 600, na zote zikala umeme sawa.

Kama ulizoea globu, tumia ulinganisho huu:

- Globu ya wati 40: tafuta lumeni 450 hivi, yaani LED ya wati 5.
- Globu ya wati 60: lumeni 800, LED ya wati 8 au 9.
- Globu ya wati 75: lumeni 1,050, LED ya wati 10 hadi 12.
- Globu ya wati 100: lumeni 1,500, LED ya wati 13 hadi 15.

Kama unataka kuanza upya kulingana na chumba, pima eneo kwa mita za mraba. Chumba cha futi 10 kwa 10 ni kama mita 9 za mraba. Kisha zidisha eneo kwa namba hizi, ambazo nimezitumia miaka mingi na hazijaniangusha: chumba cha kulala 100 hadi 150, sebule 150 hadi 200, jiko 250 hadi 300, choo na bafu 150, korido 50 hadi 100.

Kwa hiyo sebule ya mita 16 za mraba inahitaji kati ya lumeni 2,400 na 3,200. Utazipata kwa balbu tatu za lumeni 1,000, ambazo kwa pamoja zinakula kama wati 30. Afadhali tatu zilizotawanyika kuliko moja kubwa katikati ya dari, kwa sababu moja itakuumiza macho huku pembe za chumba zikiwa gizani. Na zikiwa na swichi tofauti, usiku wa kawaida unawasha moja tu.

Kama nyumba haina dari, mwanga unapotelea juu kwenye mabati. Ongeza theluthi moja, au weka shedi nyeupe inayourudisha chini. Kuta za rangi nzito nazo humeza mwanga. Nimewahi kuona chumba kilichopakwa rangi ya kahawia kikihitaji balbu mbili ambapo jirani mwenye kuta za krimu anatumia moja.

Kwa mtoto anayesoma usiku, usiongeze balbu ya darini. Weka taa ya mezani yenye LED ya wati 5, kama nusu mita kutoka kwenye daftari. Mwanga hupungua haraka sana kadiri chanzo kinavyokuwa mbali, kwa hiyo balbu ndogo iliyo karibu inamulika kitabu vizuri kuliko kubwa iliyo mita mbili juu.

Angalizo. Dukani gawanya lumeni kwa wati. Ukipata 80 na zaidi, balbu inafaa. Ukipata 100 na kuendelea, ni nzuri. Chini ya 70, iache. Na boksi lisiloandika lumeni kabisa, hata kama limeandika "wati 30, kali sana", lirudishe kwenye rafu. Mwenye balbu nzuri hafichi namba hiyo.

## Hatua ya 4: Chagua rangi ya mwanga kwa kazi ya chumba

Rangi ya mwanga huandikwa kwa namba na herufi K. Namba ndogo ni mwanga wa njano, namba kubwa ni mweupe unaoelekea bluu.

2700K hadi 3000K ni mwanga wa njano, kama wa globu ya zamani. Ndio wa chumba cha kulala na sebule ya kupumzika. Mwanga mweupe wenye bluu nyingi unauambia mwili kwamba bado ni mchana, na usingizi unachelewa. Kama watoto wako hawalali mapema, anza kwa kutazama balbu ya chumbani kwao.

4000K ni mweupe wa kawaida, si njano wala bluu. Kwa maoni yangu hii ndiyo iliyosahaulika kuliko zote na ndiyo inayofaa jikoni, bafuni, kwenye meza ya kushonea na ya kusomea.

6500K ndiyo iliyojaa madukani, na ndiyo inayofanya sebule iwe kama wodi. Ina kazi zake: dukani, gereji, stoo. Watu huipenda wakiiona dukani kwa sababu jicho linaiona kali zaidi hata kama lumeni ni sawa.

Kwa taa ya nje chagua ya njano. Wadudu wa usiku hufuata zaidi mwanga mweupe wenye bluu. Mvua zikianza na kumbikumbi wakitoka, tazama mlango wa mwenye 6500K na wa mwenye 2700K, utaona tofauti kwenye sakafu asubuhi.

Kuna namba nyingine ndogo ambayo hakuna anayeisoma: Ra au CRI. Inaeleza jinsi rangi za vitu zinavyoonekana kwa usahihi chini ya balbu hiyo, na kilele chake ni 100. Usichukue iliyo chini ya 80. Niliijua thamani ya namba hii jikoni. Nilikuwa nachambua mchele kwenye ungo usiku, chini ya balbu ya bei ya chini niliyoinunua kwa haraka. Mchele wote ulionekana wa rangi moja ya kijivu, vijiwe na punje havikutofautiana, na tulivisikia mezani. Kesho yake niliweka balbu ya Ra90, lumeni zile zile, na vile vijiwe vya kahawia vikajitokeza kama vimewekwa alama. Nyama na samaki ni hivyo hivyo. Kama unanunua balbu moja tu nzuri kwa nyumba nzima, ipeleke jikoni.

Umefanikiwa ukiona: kwenye orodha yako kila taa sasa ina holda, lumeni na K.

## Hatua ya 5: Angalia mahali balbu itakapokaa

Balbu ya LED haifi kwa kuwaka sana, inakufa kwa joto. Taa zenyewe ndogo ndani yake ni ngumu, lakini pale shingoni kuna saketi inayobadilisha umeme, na saketi hiyo haipendi joto. Boksi likisema saa 15,000, ukiwasha saa 5 kwa siku ni zaidi ya miaka 8. Balbu hiyo hiyo ukiifungia ndani ya bakuli la kioo lisilopitisha hewa, inaweza isimalize mwaka.

Hili nililishuhudia nyumbani kwa dada yangu Mbagala. Taa ya barazani ilikuwa inaua balbu kila baada ya miezi michache, na fundi alikuwa ameshasema nyaya za nyumba ni mbovu. Tulipofungua bakuli tulikuta tabaka la wadudu waliokauka chini, na shingo ya balbu imegeuka kahawia kama mkate uliozidi moto. Balbu ilikuwa ya wati 15. Tulisafisha, tukaweka ya wati 7 iliyoandikwa kwamba inafaa kwenye taa iliyofungwa, na bakuli tukaliacha na nafasi ndogo ya hewa kwa kuwa pale hapafikiwi na mvua. Nyaya hazikuguswa.

Kwa hiyo kwenye taa iliyofungwa: wati ndogo, na boksi liseme wazi kwamba inafaa humo.

Kwa taa inayonyeshewa, tafuta alama ya IP65 (kiwango cha kuzuia maji na vumbi) kwenye taa nzima, siyo balbu tu. Ikiwa chini ya paa la baraza, IP44 inatosha. Kama taa ya nje ni ya ulinzi, fikiria yenye kihisio cha mwendo, inayowaka mtu akipita, au yenye kihisio cha mwanga inayojizima kukipambazuka. Kwa ile ya kihisio cha mwendo, saa 12 za kuwaka zinaweza kugeuka saa 1.

Kisha umeme wenyewe. Kama mtaani kwenu umeme unakuja mdogo saa za jioni, soma volti kwenye balbu. Iliyoandikwa 220-240V itafifia au kuchezacheza umeme ukishuka. Iliyoandikwa 85-265V au 100-240V inavumilia. Kwa wanaoishi mwisho wa laini, hili ni jambo la kwanza kuangalia, kabla hata ya bei.

Balbu za kuchaji, zinazoendelea kuwaka umeme ukikatika, zina betri ndani. Mbili zinatosha, moja sebuleni na moja kwenye korido. Ziache mbali na taa zilizofungwa, na swichi yake iachwe imewashwa jioni ili ipate chaji.

## Hatua ya 6: Dukani

Sasa nenda, na karatasi yako. Iwe ni Kariakoo au duka la vifaa vya umeme la mtaani, utaratibu ni mmoja.

Muuzaji atasema, "Dada, chukua hii wati 15, kali kabisa." Mjibu kwa upole, "Asante kaka, mimi natafuta lumeni 800, ya njano, ya pini." Utaona anavyobadilika na kuanza kukutolea maboksi ya nyuma.

Fanya majaribio haya kabla ya kulipa:

1. Soma boksi na balbu yenyewe. Wati, lumeni, K, volti na alama ya ubora (TBS kwa Tanzania, KEBS kwa Kenya) vionekane. Maandishi ya kwenye balbu na ya kwenye boksi yafanane. Yakitofautiana, usijadiliane, rudisha.

2. Omba iwashwe. Maduka mengi yana holda ya kujaribia. Fungua kamera ya simu na uielekeze kwenye balbu kwa karibu. Ukiona mistari myeusi mizito inayotembea kwenye kioo cha simu, mwanga huo unacheza kwa kasi ambayo jicho halioni moja kwa moja, lakini kichwa kinaweza kuuma ukisoma chini yake. Mistari hafifu sana inavumilika kwenye korido. Kwa meza ya kusomea chagua isiyo na mistari.

3. Weka kiganja chako chini ya mwanga, na kitambaa chenye rangi, kanga au kitenge. Nyekundu ikionekana ya kahawia, na ngozi ikionekana ya majivu, Ra yake ni ndogo hata kama boksi linasema vingine.

4. Ipime uzito mkononi. Balbu ya wati 12 nyepesi kama ganda la yai huenda haina chuma cha kutosha cha kutoa joto. Ni dalili, si ushahidi, lakini ikiungana na dalili nyingine, iache.

5. Omba risiti ya EFD na uulize waranti ni ya muda gani. Bila risiti hakuna waranti.

Usinunue kumi kwa mara moja. Nunua mbili, ishi nazo wiki mbili, kisha rudi ukanunue zilizobaki.

## Hatua ya 7: Funga kwa usalama

Zima swichi ya taa, kisha zima na meni swichi. Swichi ya ukutani peke yake haitoshi, na sababu utaiona kwenye sehemu ya matatizo hapa chini. Subiri balbu ya zamani ipoe. Simama kwenye stuli imara, mikono mikavu, miguu imevaa viatu.

Ya pini: sukuma ndani taratibu, zungusha mpaka isikike imekaa. Ya kuzungusha: shika sehemu ya plastiki ya shingoni, usishike kioo, na usiguse chuma. Acha ilipogota, usikaze kwa nguvu.

Kabla ya kuipandisha, andika tarehe shingoni kwa ile maka peni. Ikiungua utajua imekaa siku ngapi, na muuzaji hatakuwa na la kubishana.

## Hatua ya 8: Pima kwa mita yako

Usiamini boksi wala mimi. Mita ina taa ndogo nyekundu inayopepesa, na kwenye uso wake imeandikwa namba fulani ya imp/kWh, kwa mfano 1000. Maana yake inapepesa mara 1,000 kwa kila uniti moja.

Chomoa kila kitu: friji, televisheni, chaja. Washa taa tu, zile unazotaka kupima. Hesabu sekunde kati ya mpepeso mmoja na unaofuata. Kwa mita ya 1000, gawanya 3,600 kwa sekunde hizo, utapata wati. (Kwa namba nyingine, gawanya kwanza 3,600,000 kwa namba ya mita yako, kisha jibu kwa sekunde.)

Globu nne za wati 60 zinafanya mita ipepese kila baada ya sekunde 15. Ukiweka LED nne za wati 9, utasimama pale ukisubiri sekunde 100. Fanya kipimo hiki na mtoto wa darasa la sita akiwa na saa mkononi. Atakuwa wa kwanza kuzima taa nyumba nzima.

Kama mita yako iko juu ya nguzo na huioni, tumia njia ndefu: andika uniti zilizobaki saa 12 jioni na saa 12 asubuhi kwa siku tatu kabla ya kubadilisha na siku tatu baada ya kubadilisha, ukiwa hupigi pasi usiku huo.

Umefanikiwa ukiona: wati za mita zinakaribiana na jumla ya wati za kwenye balbu. Ukipata mara mbili yake na una hakika umechomoa kila kitu, kuna balbu inayodanganya au kuna umeme unavuja. Zima taa zote: mita ikiendelea kupepesa, mwite fundi.

## Matatizo yanayojirudia

Balbu inawaka hafifu au kupepesa hata nikizima swichi. Mara nyingine ni swichi yenye kile kitaa kidogo chekundu, kinapitisha umeme kidogo unaotosha kuamsha LED. Hilo halina hatari. Lakini sababu nyingine ni fundi aliyekata waya wa nyutro kwenye swichi badala ya waya wa moto. Hapo holda ina umeme muda wote, hata swichi ikiwa imezimwa, na anayebadilisha balbu anaweza kupigwa shoti. Globu za zamani zilificha kosa hili kwa sababu hazikuwaka kwa umeme mdogo kiasi hicho. LED inalifichua. Usizoee mwanga huo hafifu, mwite fundi abadilishe nyaya kwenye swichi.

Zinaungua zote katika chumba kimoja. Kama si joto, ni mguso uliolegea: holda, swichi au kiungio cha nyaya darini. Kama zinaungua nyumba nzima, hasa umeme unaporudi baada ya kukatika, fundi apime volti na kukagua nyutro ya kuingilia nyumbani.

Tyubulaiti ya LED haiwaki. Fremu ya zamani ina choki na starta. Tyubu nyingi za LED huja na starta yake maalumu ndani ya boksi, toa ya zamani uweke hiyo. Nyingine zinataka choki iondolewe kabisa na nyaya ziunganishwe upya, na umeme uingie upande mmoja tu. Mchoro huwa umebandikwa kwenye tyubu. Hiyo ni kazi ya fundi. Inafaa kulipia, kwa sababu tyubu ya futi 4 ya wati 36 pamoja na choki yake inakula zaidi ya wati 40, na ya LED inakula 18.

Enaji seva imevunjika. Ndani yake kuna zebaki kidogo. Toa watoto, fungua madirisha, ondoka chumbani kama dakika kumi na tano. Rudi na karatasi ngumu, usitumie ufagio, kwa sababu ufagio unaitawanya. Kusanya vipande, pitisha selotepu kuokota vumbi lililobaki, futa kwa kitambaa chenye maji, na vyote, pamoja na hicho kitambaa, vitie kwenye chupa au mfuko unaofungwa vizuri. Zile zilizokufa bila kuvunjika, zihifadhi kwenye boksi mbali na watoto, na usizichome moto pamoja na taka za uani.